Usianze na "Sikuwepo": barua kwa binti yangu baada ya kumzika Mzee Mwinyi

Temeke, Dar es Salaam
9 Machi 2024

Binti yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Sisi hatujambo. Nimeona nikuandikie kwa kalamu badala ya kukupigia simu, kwa sababu usiku ule uliponipigia nilikujibu kwa haraka, nikakwambia tu kwamba usiwe na wasiwasi na kwamba mambo yatapita, na tangu siku hiyo jibu lile limekuwa likinikosesha usingizi. Lilikuwa jibu la mtu anayetaka simu iishe, na wewe ulistahili jibu la baba.

Ulinieleza kwamba mama mjamzito alifika usiku kwenye kituo cha afya unachokiongoza akiwa na uchungu, muuguzi wa zamu akamrudisha kwa kuwa hakuja na vifaa vya kujifungulia, naye akajifungua kando ya barabara, si mbali na geti, mama mkwe wake akimshikilia mabega na kijana wa bodaboda akiwamulikia kwa taa ya pikipiki. Tumshukuru Mungu kwamba mama na mtoto wako hai. Ukaniambia kwamba Mganga Mkuu wa Wilaya amekutaka uandike maelezo, na kabla sijauliza lolote ukasema, "Baba, mimi sikuwepo. Nilikuwa nyumbani nimelala." Najua ni kweli. Hukuwepo, hukumfukuza mtu, na hukumwagiza muuguzi afanye alichofanya. Nimeandika barua hii kwa ajili ya neno hilo moja, maana nami nimewahi kulitumia, na ninalijua vizuri.

Siku mbili baada ya simu yako, Alhamisi ya tarehe 29 Februari, Rais Samia Suluhu Hassan alilitangazia taifa kwamba Mzee Ali Hassan Mwinyi amefariki dunia katika Hospitali ya Mzena hapa Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 98. Mama yako alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mzee Ruksa kaondoka." Kesho yake niliyachukua magoti yangu haya unayoyafahamu, nikatembea polepole hadi Uwanja wa Uhuru kwenda kumuaga. Nilikaa jukwaani katikati ya watu wa rika langu, wengi wao wazee waliovaa mashati ya kwendea msikitini au kanisani, na kila aliyefungua mdomo alirudia ule usemi ambao Mzee aliupenda, kwamba maisha ya mwanadamu ni hadithi tu hapa duniani, basi mtu awe hadithi nzuri kwa watakaosimuliwa. Ni maneno mazuri na nilifurahi kuyasikia. Hata hivyo, nilipokuwa nikiliangalia lile jeneza lililofunikwa bendera, mawazo yangu hayakuwa kwenye usemi huo wala kwenye miaka kumi ya urais wake. Nilikuwa nakumbuka Januari 1977.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa ualimu. Redio pale bwenini ilikuwa moja, mali ya mwenzetu mmoja, na betri zake tulikuwa tukizianika juani mchana ili zipate nguvu ya kusikilizia taarifa ya habari ya usiku. Ndiyo iliyotuletea habari kwamba Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, amejiuzulu. Mtu wa umri wako huenda asione uzito wa jambo hilo, kwa kuwa ninyi mmekua katika siku ambazo mawaziri huondolewa kwa taarifa fupi inayotumwa usiku. Sisi hatukuwa tumezoea kusikia waziri akiondoka kwa hiari yake, tena waziri ambaye hakuna aliyemtuhumu kwamba ameiba au kwamba ameua.

Kilichotokea ni hiki. Mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikuwa imesumbuliwa na mauaji ya wananchi, na vyombo vya dola viliendesha msako wa kuwakamata waliodhaniwa kuhusika. Baadhi ya waliokamatwa waliteswa wakati wa kuhojiwa, na wapo waliokufa mikononi mwa watu waliokabidhiwa kulinda sheria. Mzee Mwinyi hakuwa Shinyanga. Hakumgusa mtu yeyote wala hakutoa amri ya kumtesa yeyote, na hata leo sijasikia mtu mwenye akili timamu akidai kwamba alifanya hivyo. Lakini polisi walikuwa chini ya wizara yake. Alipokwisha kupata ukweli wa mambo, alimwandikia Mwalimu Nyerere barua, akaachia kiti. Viongozi wengine nao waliwajibika kwa jambo lile, na sina nia ya kumfanya yeye kuwa mwema peke yake, ila yeye ndiye aliyekuwa na wizara.

Mwanangu, hebu litazame jambo hilo kwa jicho la mtu anayetakiwa kuandika maelezo. Utetezi wote ulikuwa mkononi mwake. Kutoka Dar es Salaam hadi Shinyanga ni mwendo mrefu hata leo, sembuse kwa barabara za wakati ule. Angeweza kuanza barua yake kwa kusema kwamba hakuwepo, kwamba hakuarifiwa, kwamba waliofanya hivyo walikiuka maagizo, na kila neno lingekuwa la kweli. Watu wangemwelewa na pengine angebaki na wizara yake. Aliona kwamba utetezi ule, pamoja na ukweli wake wote, haukuwa jibu la swali lililoulizwa. Swali halikuwa nani aliyeshika rungu. Wale wafiwa walikuwa na haki ya kujua nani anayebeba dhamana ya nyumba ambamo ndugu zao walifia, na jibu la swali hilo lilikuwa na jina moja.

Mwalimu hakumtupa. Mwaka huohuo alimpeleka Misri kuwa balozi, na Mzee alikaa Cairo miaka kadhaa kabla ya kurudishwa katika baraza la mawaziri. Mwanzoni mwa mwaka 1984, hali ya siasa Zanzibar ilipochafuka na Mzee Aboud Jumbe akajiuzulu, ndiye aliyepewa kazi ya kuiongoza Zanzibar, na chini yake Zanzibar ikapata Katiba ya mwaka 1984 yenye sura inayolinda haki za watu. Tarehe 5 Novemba 1985 aliapishwa kuwa Rais wa Muungano. Mimi nina imani, na hii ni imani yangu tu, kwamba ile barua ya 1977 haikuwa doa katika safari hiyo. Naamini ndiyo iliyowafanya watu wamkabidhi nchi bila hofu, kwa kuwa walikwisha kumwona akiachia.

Nikueleze kidogo kuhusu nchi aliyokabidhiwa, maana wewe ulizaliwa wakati maduka yamekwisha kujaa. Vita vya Kagera vilikuwa vimetumaliza, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika tangu 1977, na viwanda vyetu vilikosa fedha za kigeni za kununulia vipuri na malighafi. Mwaka 1983 nilikuwa nafundisha shule ya kijijini na mama yako alikuwa na mimba ya kaka yako. Sabuni ilikuwa ikija kwenye duka la kaya, na ikija tulipanga foleni tangu alfajiri. Aliyetaka kurudi nyumbani kunyonyesha au kuchota maji aliweka jiwe mahali pake, na jiwe liliheshimiwa kama mtu. Nakumbuka siku moja mche mmoja wa sabuni uligawanywa kwa familia nne. Mwenye duka aliupima kwa kamba, akautia alama kwa ukucha, akaukata kwa uzi wa katani akiuvuta taratibu ili usivunjike, na akina mama wanne wakainama kuokota hata zile chembe zilizodondoka juu ya gazeti. Mama yako alirudi na kipande kisichozidi upana wa vidole vitatu. Akakiweka kando kwa ajili ya mtoto atakayezaliwa, na nguo zetu sisi wakubwa akaendelea kuzifua kwa majani ya mpapai. Tulikula unga wa njano wa msaada, ule tuliouita unga wa Yanga, na miguuni tulivaa katambuga za matairi.

Ukweli wa historia unanilazimu niseme kwamba mlango haukufunguliwa na mtu mmoja. Bajeti ya mwaka 1984, Mwalimu akiwa bado Rais, ndiyo iliyoanza kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Lakini Mzee Mwinyi ndiye aliyeufungua ukabaki wazi. Mwaka 1986 serikali yake ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, jambo ambalo Mwalimu alikuwa amelipinga kwa miaka, shilingi ikashushwa thamani, na biashara ikaachiwa watu. Ndipo lilipozaliwa lile jina la Mzee Ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuendesha daladala, ruksa kuvaa nguo za mitumba tulizoziita kafa Ulaya. Kaka yako alianza shule akiwa na viatu vya ngozi vilivyowahi kuvaliwa na mtoto wa Mzungu, na hakuna siku niliyoona aibu kwa hilo. Mtu ambaye hakuwahi kukata sabuni kwa uzi hawezi kuelewa kwa nini wazee wa rika langu walilia pale Uwanja wa Uhuru.

Siwezi kukuandikia habari za mtu huyu nikakuonyesha upande mmoja tu. Najua mila zetu zinatutaka tumseme marehemu kwa mema yake, na ninaziheshimu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa mwalimu, na mwalimu hufurahi kusahihishwa kwa adabu. Ruksa ilikuwa na gharama. Watumishi wa umma tuliona mishahara yetu ikipoteza thamani mwezi hadi mwezi, hata mwalimu akalazimika kuuza maandazi wakati wa mapumziko ili afike mwisho wa mwezi, na muuguzi akajifunza kwamba mgonjwa ana mfuko. Mwaka 1993 hospitali za serikali zilianza utaratibu wa kuchangia gharama za matibabu. Nadhani unaona ninakoelekea, mama. Sera ilitaka akina mama wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano wahudumiwe bila malipo, na bado inataka hivyo, lakini mazoea ya kumtazama mgonjwa mkononi kabla ya kumtazama usoni yalianza kujengeka katika miaka ile, na yule mama aliyejifungulia barabarani kwako ameyakuta yakiwa yamekomaa.

Rushwa nayo ilikua. Mzee alijaribu kuikabili. Mwaka 1990 aliwataka mawaziri wake wote wajiuzulu, akaunda baraza jipya bila baadhi yao, na tukawa tukizungumza juu ya fagio la chuma. Lakini fagio halikufika kila pembe, na kufikia mwaka 1994 nchi wafadhili zilisimamisha misaada kwa sababu ya misamaha ya kodi iliyotolewa kiholela na kodi ambazo hazikukusanywa. Rais Mkapa alipoingia, moja ya mambo ya mwanzo aliyoyafanya ilikuwa kuunda Tume ya Warioba kuchunguza kero ya rushwa. Nilimpenda sana Mzee Mwinyi, na kwa sababu hiyohiyo nakwambia kwamba katika mwaka ule wa 1994 nilitamani kuwaona waliokuwa chini yake wakiiga mfano wake wa 1977, na hawakuuiga, na yeye hakuwalazimisha vya kutosha. Upole wake uliokuwa baraka kwa raia ulikuwa pia kichaka cha watu wasio na haya.

Ila jambo moja hakuna atakayemnyang'anya. Alishika madaraka kama mtu aliyeazimwa jembe na jirani. Alipompokea Mwalimu alijilinganisha na kichuguu mbele ya Mlima Kilimanjaro, na wapo waliomcheka kwa hilo, wakidhani ni udhaifu. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchi nzima mwaka 1991, takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Rais anayetafuta sababu ya kubaki alivyo angeshikilia hesabu hiyo kwa mikono miwili. Tume ilishauri wale wachache wasikilizwe, serikali yake ikakubali, na mwaka 1992 vyama vingi vikarudi kwa sheria. Katiba nayo ilikuwa imewekewa ukomo wa vipindi viwili tangu marekebisho ya 1984, na yeye ndiye Rais wa kwanza wa Muungano ambaye kamba hiyo ilimfunga. Tarehe 23 Novemba 1995 alimkabidhi Mkapa nchi, akaenda nyumbani, akaishi miaka 28 kama mzee mstaafu anayefanya mazoezi ya kutembea, anayealikwa kwenye hafla, na anayezungumza Kiswahili ambacho kila mwalimu wa lugha alitamani wanafunzi wake wakisikilize.

Nawe utakumbuka lile tukio la Machi 2009, maana tulilitazama pamoja kwenye televisheni. Mzee alikuwa na miaka 83, akihutubia kwenye Baraza la Maulid katika Ukumbi wa Diamond Jubilee, na alikuwa amegusia namna ya kujikinga na UKIMWI. Kijana mmoja akapanda jukwaani akamzaba kibao mbele ya umati. Wewe ulipiga kelele. Mimi nilisimama kama kwamba ningeweza kuingia ndani ya televisheni nimkinge. Yeye, utulivu uliporejea, aliendelea na hotuba yake. Wakati ule niliona ni ustahimilivu tu. Sasa nimezeeka, na nadhani ni tabia ileile ya 1977: mtu ambaye hakuwa akijihesabu yeye kwanza.

Sasa nikwambie lililo langu, ambalo mama yako analijua na ninyi watoto hamjawahi kulisikia.

Mwaka 1991 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ambayo sitaitaja. Siku moja nilikwenda wilayani kufuata mishahara ya walimu, nikalala huko kwa kukosa usafiri. Nyuma yangu, mwalimu mmoja alimchapa mtoto wa darasa la nne hadi akamvunja mkono. Niliporudi nilitakiwa kuandika maelezo. Niliandika ukurasa mmoja kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, na sentensi ya kwanza ilisomeka hivi: "Siku ya tukio mimi sikuwepo shuleni." Nikaambatisha karatasi ya safari iliyogongwa mhuri wa wilaya. Maelezo yangu yalikubaliwa bila swali, yule mwalimu akahamishwa, na mimi nikabaki na cheo changu.

Wiki moja baadaye mama wa yule mtoto alikuja ofisini. Alikuwa amemshika mwanawe kwa upande wa mkono mzima. Ule mwingine ulikuwa umefungwa vijiti viwili na kipande cha kanga chenye rangi nyekundu iliyokwisha kufifia, kwa kuwa zahanati haikuwa na bandeji. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Nilimweleza, kwa upole kabisa, kwamba mimi nilikuwa nimesafiri. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, shule ni ya nani?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyepotea njia anayetaka kujua aelekee wapi. Sikuwa na jibu. Alimchukua mwanawe, akaondoka, na mtoto yule hakurudi tena katika shule yangu.

Binti yangu, miaka 14 kabla ya siku ile nilikuwa nimeisikia kwenye redio ya bwenini habari ya waziri aliyejiuzulu kwa mambo ambayo hakuyafanya, na nikawaambia wenzangu kwamba huyu ndiye kiongozi. Ilipofika zamu yangu, tena kwa jambo dogo lililohitaji tu niseme "hili limetokea katika shule yangu na ninaomba radhi", nikaikimbilia karatasi ya safari.

Sikuambii ujiuzulu. Kila jambo lina kimo chake, na watu waliokufa Shinyanga si sawa na hili lako, ambalo Mungu amelifunika kwa huruma yake. Kituo hicho kinakuhitaji, na mganga mfawidhi mwingine hatapatikana kesho. Ninachokuomba kinahusu barua utakayoiandika. Anza na yule mama. Andika kwamba alifika katika kituo unachokiongoza akiwa na uchungu, akarudishwa, na kwamba hilo halikupaswa kutokea. Kama hukuwepo, hilo litaonekana kwenye kitabu cha zamu. Mwenye kutaka kulijua atalisoma huko. Kisha jiulize maswali ambayo mimi sikujiuliza mwaka 1991. Yule muuguzi alikuwa peke yake usiku ule? Alikuwa amefanya kazi saa ngapi mfululizo? Kabati la wodi ya wazazi lilikuwa na glavu, nyuzi na pamba, au lilikuwa tupu, na kama lilikuwa tupu, wewe ulijua tangu lini? Nani aliyemfundisha kwamba asiye na vifaa hapokelewi, na alilisikia hilo likisemwa mara ngapi pale kituoni bila mtu kukemea? Majibu yatakayokugusa wewe yaandike kwa mkono wako mwenyewe, na uyaweke juu ya yale yanayomgusa muuguzi.

Najua unaogopa kwamba maelezo ya namna hiyo yatatumika dhidi yako. Huenda yakatumika, sitakudanganya kwamba ofisi zetu siku zote humheshimu anayekiri. Mzee mwenyewe alipoteza wizara. Lakini usimtoe yule muuguzi kafara ili wewe ubaki msafi, maana hapo utakuwa umewafundisha wote walio chini yako kuandika "sikuwepo", na siku nyingine mama mwingine atafika usiku na kumkuta kila mtu akitafuta karatasi yake ya safari.

Jumamosi ile nilitazama mazishi kwenye televisheni, wakimrudisha Mzee Mangapwani, kijiji alichosomea utotoni na baadaye akafundisha. Miaka yote ile, Ikulu mbili, ubalozi, wizara, na mwisho wake ni mchanga wa kijiji alichoshikia chaki. Kijana mmoja wa jirani aliyekuwa akitazama nasi aliniuliza kwa nini hakuzikwa mahali pa heshima zaidi. Nilimwambia kwamba kwa mwalimu hakuna mahali pa heshima kupita hapo.

Bendera zimekwisha kupandishwa, redio zimerudia nyimbo zake za kawaida, na mama yako ameniagiza nikwambie kwamba dagaa uliowaomba amewafunga na atawatuma kwa basi la Jumanne, kwa hiyo umtume mtu stendi kuwapokea. Amefunga pia doti moja ya kanga mpya na nguo za mtoto mchanga, ambazo si zako. Anataka uzipeleke mwenyewe kwa yule mama, kwa miguu kama ni karibu, kabla hujakaa kuandika maelezo yako.

Ukishafika kwake, nijulishe anaendeleaje, na kama mtoto amekwisha kupewa jina.

Ni mimi baba yako akupendaye.